Askari wangapi wanatosha? Somo la Bunia kwa familia zilizohama na viongozi wao

Kila mara redio inapotangaza kwamba askari wataongezwa Ituri, au kwamba wale wa Umoja wa Mataifa watapunguzwa, maswali huanza siku hiyo hiyo katika kambi za wakimbizi wa ndani. Je, turudi Kilo? Tulime msimu huu au tungoje? Watoto waandikishwe shule ya hapa au ya kule nyumbani? Wazee na viongozi wa kambi huulizwa na watu wao, na mara nyingi hawana la kujibu.

Maoni yamegawanyika. Wengine husema, "Walete askari wengi zaidi, vita vitaisha." Wengine husema, "Kofia za buluu wako Kongo tangu 1999, wametufanyia nini? Waende." Mabishano haya hayako kwetu tu. Yamefanyika New York, Paris, Kampala, Kinshasa na Washington, kila mara nchi ilipotuma vijana wake kupigana au kulinda amani mbali na kwao.

Makala hii haitetei upande wowote. Inaeleza jinsi hesabu ya askari inavyofanya kazi, kwa kutumia yale yaliyotokea Bunia mwaka 2003 na baadaye, ili familia na viongozi wajue la kuuliza kabla ya kuamua.

Hesabu iko namna gani?

Wakuu wa majeshi wana kipimo kimoja wanachokitaja mara nyingi. Kitabu cha mafunzo cha jeshi la Marekani kilichotolewa mwaka 2006 kilipendekeza askari 20 kwa kila wakaaji 1,000 mahali penye waasi waliojichanganya na raia. Tufanye hesabu hiyo kwa jimbo letu. Mnamo 2003 Ituri ilikadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni 4. Kwa kipimo hicho tungehitaji askari 80,000. Brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoletwa Ituri mwaka huo ilikuwa na askari karibu 5,000 tu.

Tena Ituri ina ukubwa wa kilomita za mraba 65,000 hivi. Ukiwagawa askari 5,000 juu ya ardhi hiyo, kila mmoja anabaki peke yake na kilomita za mraba 13 za milima, misitu na mito.

Hata hivyo si kila askari anatoka nje. Chukua mfano wa kituo chenye askari 120. Kati yao kuna wapishi, madereva, waganga, mafundi na watu wa mawasiliano. Wengine wanalinda uzio wa kituo chenyewe. Wengine wamelala kwa sababu walikesha zamu ya usiku. Wanaoweza kutoka doria kwa wakati mmoja huenda wakawa 30 au 40, na barabara ikiharibiwa na mvua hawafiki mbali. Kwa hiyo mtu akisema "kuna askari 120 karibu na kijiji chenu", kiongozi mwenye busara atauliza: wangapi wanatoka nje ya uzio, saa ngapi, na wanafika wapi?

Bunia 2003: vikosi vitatu, matokeo matatu

Mnamo Septemba 6, 2002, serikali za Kongo na Uganda zilisaini mkataba huko Luanda, Angola, juu ya kuondoka kwa jeshi la Uganda, UPDF. Askari wa mwisho wa Uganda waliondoka Bunia mwanzoni mwa Mei 2003. Nafasi ya maelfu yao ilichukuliwa na batalioni moja ya Uruguay, askari karibu 700 wa MONUC. Hao walikuja hasa kulinda watumishi na mali ya Umoja wa Mataifa na kusaidia Tume ya Kutuliza Ituri. Hawakuja wakiwa tayari kupigania mji.

Vikundi vyenye silaha viliona pengo hilo haraka. Siku chache baada ya Uganda kuondoka, vita viliingia mitaa ya Bunia. Zaidi ya watu 400 waliuawa mwezi huo. Maelfu walikimbilia ofisi za MONUC na uwanja wa ndege, na kambi kubwa ikazaliwa hapo. Waliofika ndani ya uzio walipata ulinzi kiasi. Waliobaki mitaani hawakuupata. Upande wa Mongbwalu, jirani na Kilo, waangalizi wawili wa kijeshi wa MONUC, mmoja wa Jordan na mwingine wa Malawi, waliuawa. Hata waangalizi hao hawakuwa na kikosi cha kuwaokoa.

Ndipo Mei 30, 2003, Baraza la Usalama lilipopitisha azimio namba 1484 na kuruhusu kikosi cha dharura. Umoja wa Ulaya ulikiita operesheni hiyo Artemis, na Ufaransa ndiyo iliyoongoza. Kwa jumla walikuwa askari karibu 1,800, lakini sehemu yao walibaki Entebbe, Uganda, kwa kazi ya ndege na mizigo. Waliokuwa Bunia penyewe walizidi 1,000 kidogo. Idadi yao haikuwa imepita sana ile ya Uruguay, lakini mji ulibadilika. Kubeba silaha hadharani kulikatazwa, watu wakarudi sokoni, na familia nyingi zikarudi katika nyumba zao za mjini.

Tofauti ilitoka wapi? Kwanza, ruhusa. Artemis ilifanya kazi chini ya Sura ya 7 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayokubali matumizi ya nguvu. Pili, vifaa na maandalizi: walikuwa na ndege za kivita na vikosi maalumu, na vikundi vyenye silaha vilijua kwamba vikifyatua risasi vitajibiwa. Tatu, kazi yao ilikuwa imepimwa: kulinda mji, uwanja wa ndege na kambi za waliohama, basi.

Lakini kipimo hicho hicho kilikuwa na bei yake. Artemis haikutumwa nje ya Bunia. Mwaka 2002 na 2003 Mongbwalu ilichukuliwa na kuchukuliwa tena kati ya UPC na FNI kwa sababu ya dhahabu, na watu wa Kilo waliuawa na kufukuzwa katika vita hivyo hivyo. Wakati Bunia inapumua, vijiji vya Djugu viliendelea kuungua. Artemis ilikabidhi kazi Septemba 1, 2003. Oktoba 6, mwezi mmoja tu baadaye, watu 65 waliuawa Katchele, wengi wao wanawake na watoto.

Kikosi cha tatu kilikuwa Brigedi ya Ituri ya MONUC. Azimio namba 1493 la Julai 28, 2003 liliongeza idadi ya askari wa MONUC kwa nchi nzima hadi 10,800 na kuwapa ruhusa ya Sura ya 7 hapa Ituri na katika Kivu. Brigedi hiyo ilianza kutoka mjini, ikafungua vituo Iga Barrière, Bogoro, Mahagi na kwingineko. Ilichukua muda: Mongbwalu ilipata kituo mwaka 2005 tu. Na haikuwa bila hasara. Februari 25, 2005, askari 9 wa Bangladesh waliviziwa na kuuawa karibu na Kafé walipokuwa doria katika eneo la kambi ya waliohama. Siku chache baadaye MONUC ilishambulia ngome ya wapiganaji huko Loga.

Katika miezi hiyo hiyo mpango wa kuweka silaha chini ulikuwa umefunguliwa tangu Septemba 2004, na hadi ulipofungwa mwaka 2005 wapiganaji zaidi ya 15,000 walikuwa wamejiandikisha. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kwa mpiganaji aliyetaka kuacha, na aliyekataa alijua kwamba atafuatwa. Mambo hayo mawili yalitembea pamoja, ndiyo maana yalizaa kitu.

Kutoka mbali: Iraki na Afghanistani

Mabishano ya namna hii yalipamba moto pia huko Marekani. Kabla ya vita vya Iraki mwaka 2003, mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Eric Shinseki, aliliambia bunge la nchi yake kwamba kuituliza Iraki baada ya ushindi kungehitaji askari laki kadhaa. Wakubwa wake wa kisiasa walimpinga hadharani. Serikali ya Iraki ilianguka haraka, lakini walioingia hawakutosha kulinda miji, maghala ya silaha na mipaka, na nchi ikaingia katika mauaji ya kulipizana.

Januari 2007 Rais George W. Bush alitangaza kuongeza askari zaidi ya 20,000. Baada ya miezi kadhaa mauaji yalipungua sana. Waliotaka askari wengi walisema, "Mnaona?" Lakini wengine walikumbusha kwamba wakati huo huo makabila ya magharibi ya Iraki yalikuwa yamekubali kushirikiana dhidi ya al-Qaida, na kundi kubwa la wapiganaji wa Kishia lilikuwa limesimamisha vita mwezi wa Agosti 2007. Askari waliongezwa na mapatano yalikuwepo. Baadaye kutoelewana kwa wanasiasa kuliachwa bila dawa, na Juni 2014 mji wa Mosul ulitekwa na kundi la Dola ya Kiislamu.

Afghanistani inafundisha jambo hilo hilo kwa uchungu zaidi. Desemba 2009 Rais Barack Obama alitangaza kupeleka askari wengine 30,000, na papo hapo akasema wataanza kuondoka Julai 2011. Taliban waliamua kungoja. Agosti 15, 2021, waliingia Kabul, na jeshi la serikali lililojengwa kwa miaka 20 likasambaratika ndani ya siku chache.

Tunachojifunza ni hiki: askari wengi wanaweza kununua muda. Amani inatokana na yale yanayofanyika ndani ya muda huo.

Kongo tangu 2012

Kwetu pia somo limejirudia. Novemba 2012 M23 iliingia Goma ingawa MONUSCO, jina jipya la MONUC tangu Julai 2010, ilikuwa na askari mjini. Machi 2013 Baraza la Usalama likaunda brigedi ya kushambulia yenye askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Mwezi wa Novemba mwaka huo M23 ilishindwa. Brigedi ilisaidia, lakini jeshi la FARDC lilikuwa limepangwa upya, na mataifa yalikuwa yamebana upande wa diplomasia baada ya mkataba wa Addis Ababa wa Februari 2013. Makubaliano yaliyofuata hayakutekelezwa vizuri, na mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliuteka Goma tena, askari wa kigeni wakiwa pale pale.

Hapa Ituri serikali ilitangaza état de siège tangu Mei 6, 2021, utawala ukawekwa mikononi mwa wanajeshi. Novemba mwaka huo askari wa Uganda waliingia tena Kongo kwa makubaliano na Kinshasa, kuwafuata ADF, na Februari 2025 UPDF ilionekana Bunia. Katika miaka hiyo ya askari wengi, usiku wa kuamkia Februari 2, 2022, watu zaidi ya 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule. Mwanzoni mwa Juni 2023 makundi kadhaa yalisaini ahadi ya amani huko Aru, na siku chache baadaye, Juni 12, watu zaidi ya 40 waliuawa katika kambi ya Lala. Kwa hiyo askari bila mazungumzo hawakutosha, na karatasi iliyosainiwa bila mtu wa kuisimamia nayo haikutosha.

Sasa kuna suala la kuondoka kwa MONUSCO. Desemba 2023 Baraza la Usalama, kwa ombi la Kinshasa, lilikubali mpango wa kuondoka kwa hatua, na katikati ya 2024 kikosi kilitoka Kivu ya Kusini. Mwaka 2024 kiwango cha juu cha askari kilishushwa hadi 11,500, kutoka 14,000 kilichokuwa kimeruhusiwa mwaka 2019. Wanaotaka waende wana hoja: nchi huru inapaswa kulindwa na jeshi lake, na watu wamechoka kufa karibu na kambi za kofia za buluu. Wanaotaka wabaki nao wana hoja: Mei 2003 ilionyesha kinachotokea walinzi wanapoondoka kabla hajapatikana wa kushika nafasi yao. Hoja zote mbili zinastahili kusikilizwa bila kumwita mwenzako msaliti.

Maswali matano ya kuuliza

Kiongozi wa kambi, chifu au mama mwakilishi anapoitwa kwenye mkutano wa usalama, asitosheke na idadi tu. Aulize:

1. Wako wapi? Askari 500 mjini Bunia hawamlindi mama anayeenda shambani Kilo. Taja kwa majina njia za shamba, visima, masoko, machimbo na vivuko vya mto ambako watu wanashambuliwa, na omba doria zifike hapo siku na saa ambazo watu wanapita.

2. Wameruhusiwa nini? Je, wanaweza kufyatua risasi kumlinda raia, au wanalinda kituo chao tu? Je, wanatoka usiku? Ruhusa ikiwa ndogo, watu wajue mapema, wasije wakafa wakingoja msaada ambao haukuahidiwa.

3. Wanaitikia kwa muda gani? Omba mpango wa tahadhari ulio wazi: nani anapiga simu, kwa nani, na simu ikikosa mtandao itumike njia gani. MONUSCO imekuwa ikifanya kazi na mitandao ya tahadhari ya wanakijiji, na kamati za ulinzi za wenyeji zipo sehemu nyingi. Mpango ujaribiwe kabla ya hatari. Mpigaji simu asijulikane na kila mtu, maana anaweza kulipiziwa.

4. Wakiondoka, nani anashika nafasi? Tarehe ya kuondoka bila jina la kikosi kinachofuata ni hatari. Uliza kama wanaofuata wameshafika, wanalipwa mishahara, na wanalishwa. Askari asiyelipwa huweka kizuizi barabarani na kudai pesa, na hapo mlinzi anageuka mzigo.

5. Muda huu unatumiwa kwa nini? Je, mazungumzo kati ya jamii yanaendelea? Migogoro ya mashamba na mipaka ya vijiji inasikilizwa? Mpiganaji anayetaka kuacha silaha ana mahali pa kwenda? Dhahabu ya eneo letu inawalisha nani? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa familia inayofikiri kurudi

Kuonekana kwa askari barabarani ni dalili moja tu, tena haitoshi. Kabla ya kurudisha watu wote, uliza waliokwenda kutazama: je, majirani wa pande zote mbili wanakutana sokoni? Watu wanalala kijijini au wanarudi kambini jioni? Chifu na mwalimu wamerudi? Shamba lako linalimwa na nani, na kuna njia ya kulizungumzia bila ugomvi? Ikiwa majibu ni mazuri kwa wiki kadhaa, hiyo ni dalili bora kuliko magari ya kijeshi. Ikiwa askari ni wengi lakini hakuna anayelala kijijini, watu wa pale wamekwisha kukujibu.

Fikirini pia mahali pa kambi yenyewe. Kukaa karibu na kituo cha askari kunaweza kuwazuia washambuliaji, lakini kituo kikishambuliwa risasi hazichagui. Kambi zijadiliane na wakuu wa vituo juu ya umbali unaofaa na njia za kukimbilia, na kila familia ipange mahali pa kukutana endapo itatawanyika.

Hakuna mtu wa New York wala Kinshasa anayeijua njia ya kutoka Kilo kwenda shambani kama anavyoijua mama anayeipita kila asubuhi. Maarifa hayo yana nafasi yake kwenye meza ya wakubwa wanaohesabu batalioni. Viongozi wapeleke majina ya njia, saa na vivuko, na waseme wazi kikosi kilichoahidiwa kikikosa kufika hapo. Mkutano wa usalama ukiitishwa tena katika eneo lenu, nendeni na maswali haya matano yakiwa yameandikwa, na mwakilishi wa wanawake na wa vijana wawemo kati ya watakaoyauliza.